Shangazi, mume wangu hataki binti yetu achanjwe, na kila nikimpa ukweli anazidi kukaza

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wangu wa 16 kazini, niko kwenye kituo cha afya huku wilayani Muheza. Nina mume na watoto wawili. Mkubwa ni binti, ana miaka 14, amebakiza miezi mitatu atimize 15. Na hapo ndipo presha yangu inapopanda.

Mwezi uliopita shule ilituma taarifa kwamba wahudumu wa afya watapita kutoa chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Binti aliileta karatasi nyumbani, baba yake akaisoma, akaikunja, akasema, "Mwanangu hachanjwi." Nikadhani anatania. Siku ya chanjo ilipofika akamzuia asiende shule.

Anasema chanjo inaua kizazi. Kasikia kwa wenzake pale dukani anapouza vipuri vya pikipiki, na kuna sauti katumiwa kwenye WhatsApp ya mtu anayejiita daktari. Ananiuliza: kwa nini wasichana tu? Kwa nini bure, wakati dawa za presha za mama tunanunua? Kwa nini wana haraka na watoto wetu?

Nimemletea vipeperushi. Nimemweleza jinsi virusi vinavyofanya kazi. Nimempa takwimu. Jumapili moja kaka zake wawili walikuja kututembelea, mimi nimetoka zamu hata sare sijavua, nikaona hii ndiyo nafasi. Niliweka karatasi mezani nikamwambia mbele yao, haya, soma mwenyewe, nionyeshe ni wapi pameandikwa chanjo inaua kizazi. Hakuzigusa. Alisema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja," akatoka. Tangu siku hiyo hata nikimuuliza habari ya chakula ananijibu kwa mkato.

Kinachoniuma ni kwamba mume wangu si mjinga. Kamaliza kidato cha nne, hesabu za duka anazipiga kichwani. Watoto wote wawili walipata chanjo zote za utotoni, na mara nyingi yeye ndiye aliyewabeba kliniki. Hana ugomvi na hospitali, ila tu hapendi kulazwa, tangu dada yake alipotolewa kizazi kwenye uzazi wake wa kwanza miaka hiyo na mtoto akafa. Akiumwa malaria mimi ndiye ninayempima, nikimpa dawa anameza. Lakini kwenye hili amekuwa mtu nisiyemjua.

Nimewauguza wanawake wenye ugonjwa huu, Shangazi. Nawajua kwa majina. Nikimwona binti yangu anapiga pasi sare zake za shule nageuza uso.

Wenzangu kazini wananishauri nimchukue kimya kimya nimchome mwenyewe, sindano ni moja tu, baba yake hatajua. Dozi ziko kwenye friji ya kituo, hatua chache kutoka ninapokaa. Nifanyeje? Na kwa nini mtu mwenye akili zake anakataa kitu kilichoandikwa wazi?

Mama wa Wawili, Muheza

*

Marahaba, mwanangu, na pole.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikwama kwenye sentensi moja ambayo wewe uliipita mbio. Nitaifikia. Kwanza niseme jambo kwa ajili ya wasomaji wengine, asije akawepo wa kudhani kwamba hapa kuna maoni mawili yenye uzito sawa. Kuhusu chanjo, wewe ndiye uliye sahihi. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi huanzishwa na virusi vya HPV, na aina mbili tu za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, ndizo zinazobeba takriban asilimia 70 ya saratani hizo. Hapa Tanzania wanawake zaidi ya 10,000 hukadiriwa kuugua kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufa. Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Haiui kizazi. Inakilinda.

Sasa ile sentensi. Umeandika kwamba mumeo hana ugomvi na hospitali, ila tu hapendi kulazwa, tangu dada yake alipotolewa kizazi na mtoto akafa. "Ila tu." Umeipachika katikati, huku chanjo za kliniki, kule dawa ya malaria, kana kwamba ni habari ya mtu asiyependa bamia.

Mwanangu, dada yake aliingia hospitali na mimba akatoka hana mtoto na hana kizazi. Huenda madaktari waliokoa maisha yake. Wewe unajua kuliko mimi jinsi damu ya uzazi inavyoweza kummaliza mtu kwa dakika chache. Lakini je, yupo aliyekaa na ile familia akawaeleza kilichotokea na kwa nini? Je, dada huyo aliolewa akabaki, au alirudishwa kwao? Mumeo alikuwa na umri gani siku ile, na ni nani aliyetumwa kwenda kuchukua maiti ya mtoto? Wewe umeolewa katika nyumba hiyo miaka yote hii, na katika barua ndefu namna hii jambo hilo limepata nusu ya sentensi. Nina hakika kwake yeye si nusu ya sentensi.

Halafu tazama Jumapili ile. Mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi anaingia ndani, anaweka karatasi mezani, anamwambia kaka wa yule dada, mbele ya kaka wengine wa yule dada, kwamba kile mnachokiogopa kuhusu kizazi hakipo. Wewe ulikuwa unazungumza habari ya HPV. Wao watatu, sidhani kama waliisikia HPV. Waliona sare.

Ndiyo maana swali lako la mwisho, kwa nini mwenye akili zake anakataa kilichoandikwa wazi, naona limeanzia mahali pasipo pake. Unaifikiria akili kama mizani ya dukani: weka ukweli mzito upande huu, upande ule utainuka. Kwa mambo yasiyotugusa ndivyo inavyokuwa. Mumeo akiambiwa bei ya tairi imepanda, atabadilisha bei siku hiyo hiyo bila kinyongo. Lakini kuna mambo ambayo mtu ameyajengea. Ameweka humo ndugu zake, aibu yake, kifo cha mtoto, picha yake mwenyewe kama baba anayelinda. Ukija kung'oa tofali moja ukasema ni tofali tu, yeye anaona nyumba nzima inatikisika.

Na usidhani elimu inaondoa hilo. Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, watafiti Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper walichukua wanafunzi 48, nusu wakiunga mkono adhabu ya kifo na nusu wakiipinga. Wote walipewa ripoti zile zile mbili, moja ikionyesha kwamba adhabu hiyo inapunguza mauaji, nyingine ikionyesha kwamba haipunguzi. Kila upande uliisifu ripoti iliyowapendeza na kuichambua ile nyingine mpaka ikatoka matundu. Mwisho wa zoezi walisema wametoka na msimamo mkali zaidi kuliko waliokuja nao. Hawa walikuwa wasomi. Akili zao hazikulala hata kidogo. Zilikuwa kazini kama wakili aliyelipwa na upande mmoja. Mumeo anayepiga hesabu kichwani anaweza pia kupiga hoja kichwani, na maswali yake matatu yanaonyesha hivyo.

Kuna wanaosema ukimpa mtu ukweli atazidi kukaza, kwa hiyo usijisumbue. Hilo nalikataa. Mwaka 2019 Thomas Wood na Ethan Porter walichapisha majaribio yao kwa Wamarekani zaidi ya 10,000 na mada 52, na hali hiyo ya ukweli kumrudisha mtu nyuma karibu hawakuiona. Watu wengi wakisahihishwa husogea kidogo. Ila sikiliza hili linalokuhusu wewe zaidi. Mwaka 2014 Brendan Nyhan na wenzake walitoa matokeo ya utafiti kwa wazazi 1,759 kuhusu chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Wazazi walioelezwa kwamba chanjo hiyo haileti usonji walikubali, kweli haileti. Lakini wale waliokuwa na shaka kubwa na chanjo tangu mwanzo, baada ya kukubali, nia yao ya kuwachanja watoto ilishuka. Hoja ilikwenda, woga ukabaki palepale ukatafuta hoja nyingine. Kwa hiyo hata siku ile mumeo angezisoma karatasi zako na kukiri kwamba hapajaandikwa popote, bado binti angeweza kubaki nyumbani.

Na woga wake haukutoka hewani. Bibi zetu wa Pwani walitukuza kwa hadithi za mumiani, yule wa kunyonya damu za watu zikafanywe dawa, na katika hadithi nyingi alikuja na gari na vifaa kama vya hospitali. Tunacheka sasa, lakini hadithi hizo zilizaliwa wakati watu wa juu walikuwa na mamlaka juu ya miili ya watu wa chini na hawakuulizwa. Wala si mambo ya kale tu. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Namibia iliwapa haki wanawake watatu wenye VVU waliofungwa kizazi katika hospitali za serikali bila ridhaa yao ya kweli. Ilitokea. Mtu anayesema "wanaweza kutufanyia hivyo" hajarukwa na akili. Amekosea kuhusu chanjo hii, basi.

Nikupe la kwangu. Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu mpya, nimerudi likizo kijijini kwetu, Bagamoyo ndani ndani. Mtoto wa dada yangu akashikwa na degedege usiku. Kijiji kizima kilijua kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Na waliijua kwa macho yao, kwani watoto walipelekwa hospitali mwisho kabisa, baada ya kila kitu kushindikana. Wakichomwa, wanafia mikononi mwa daktari, na sindano ndiyo inabeba lawama. Mimi na cheti changu nikasimama uani nikapaza sauti, hii ni malaria imepanda kichwani, tunamuua huyu kwa ujinga. Mama yangu alinitazama akasema, "Haya, mchukue. Akifa, umemuua wewe." Mwanangu, sikumchukua. Nilinyamaza. Pale ndipo nilipojua kwamba hata mimi, ndani kabisa, nilikuwa naiogopa ile sindano.

Aliyemfikisha mtoto hospitali ni bibi mganga. Alimfukiza kwa kinyesi cha tembo kama desturi, akamfuta uso, kisha akamwambia mama, "Yangu nimemaliza. Yaliyobaki ni ya daktari, mpelekeni sasa hivi." Mama alisimama kabla hajamaliza kusema. Hakuwa amepewa habari mpya hata moja. Alipewa ruhusa, na mtu anayemwamini, bila kuambiwa kwamba maisha yake yote alikuwa mpumbavu. Mtoto yule leo anaendesha lori la Tunduma. Nami miaka mingi niliona haya kwa ule upaaji sauti wangu, maana kama bibi yule asingekuwepo, ukweli wangu ungekaa uani mpaka asubuhi na mtoto amekufa.

Nchi nzima nazo huenda hivyo. Mwaka 2003 viongozi wa jimbo la Kano, Nigeria, walisimamisha chanjo ya polio kwa madai haya haya, kwamba inaua kizazi. Ilichukua karibu mwaka, na polio ikarudi katika nchi zilizokwisha kuiondoa. Mwaka 2004 walikubali tena, baada ya kuletewa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Polio ilikuwa ile ile, kinga ile ile. Mkono ulioileta ndio uliobadilika.

Basi tuje kwako. Anza kwa kuomba radhi ya Jumapili ile. Usiombe radhi kwa kuamini chanjo. Omba radhi kwa kumweka mwanamume kitimoto mbele ya ndugu zake. Fanya hivyo mkiwa wawili, usiku, umevaa khanga, na usiunganishe na neno "lakini". Ukishaomba, nyamaza. Akijibu kwa mkato, na iwe hivyo siku hiyo.

Siku nyingine mwombe akusimulie habari za dada yake. Yote. Ukisikia kosa la kitaalamu katika masimulizi, lipite. Utatamani kueleza kwa nini kizazi hutolewa damu isipokata, meza mate. Umekuwa muuguzi miaka 16, najua unawasikiliza wagonjwa wageni kwa subira kubwa kuliko unavyomsikiliza baba watoto wako, kwa sababu wale hawakuumizi wakikataa. Mwishoni muulize swali hili tu: "Ungemsikia nani, au ungeona nini, ndipo moyo wako utulie?" Jibu lake, lolote lile, ndilo la kulifanyia kazi. Akimtaja sheikh, mchungaji, au fundi mwenzake ambaye binti yake amechanjwa, mtafuteni pamoja. Akisema "hakuna", usibishane, rudi wiki inayofuata.

Na nenda kwa wifi yako. Nenda kumwona, umpelekee sukari, ukae naye. Usiende kumtumia kama shahidi. Lakini kama mtakapofika mahali pa kuzungumza, mwambie mnachovutana nyumbani, umuulize yeye anaonaje. Mwanamke aliyepoteza kizazi anajua thamani yake kuliko sisi wote, na sitashangaa akiwa yeye ndiye wa kwanza kusema mtoto akingwe. Naye akisema hapana, heshimu. Usimbebeshe mzigo wa pili.

Yale maswali matatu yanastahili majibu, ila kwa wakati wake na kwa maneno machache. Kwa nini wasichana tu? Kwa sababu mlango wa kizazi wanao wao, na dozi zetu zimeelekezwa kwao kwanza. Australia wavulana wanachanjwa tangu 2013 na Uingereza tangu 2019. Kwa nini bure? Kama zilivyokuwa bure za surua na polio alizowabebea watoto mwenyewe. Kwa nini haraka? Kwa sababu kinga hufanya kazi vizuri kabla mtu hajakutana na virusi. Hilo la tatu lishike kwa mikono miwili. Baba akisikia "kabla hajaanza", anachosikia ni kwamba unamtuhumu binti yake, au unampa kibali. Mweleze kwamba binti anaweza kujitunza mpaka ndoa na bado akavipata virusi kwa mumewe. Nadhani hapo napo kuna kitu anachokiogopa ambacho hajakisema.

Kuhusu kizazi, acha takwimu. Wasichana waliochanjwa 2018 wakiwa na miaka 14 sasa wamepita 20. Wewe unawaona kliniki ya wajawazito na matumbo yao. Usitaje jina la mgonjwa yeyote, lakini katika mtaa wenu wapo ambao mumeo anawajua, amekula harusi zao, amewaona wamebeba watoto mgongoni. Mwache awahesabu mwenyewe.

Sasa ile friji. Usimchome kwa siri. Nakuelewa, na wenzako wana nia njema, lakini fikiria kitakachofuata. Binti atabeba siri dhidi ya baba yake akiwa na miaka 14. Siku moja hedhi itachelewa, au ataolewa akae mwaka bila mimba, kama wengi wanavyokaa, na siri itatoka. Hapo mumeo atakuwa na ushahidi kamili wa kila alichokiogopa tangu alipokuwa kijana: kwamba watu wa sare huwafanyia wanawake wa familia yake mambo wasiyoambiwa. Hutaweza kumrudisha tena, na mtoto wako wa pili atalipa.

Lakini pia sikuambii usubiri mpaka dirisha lifungwe. Una miezi mitatu. Tumia miwili kwa haya niliyoyasema. Ukifika mwezi wa mwisho na bado amekataa, keti naye umwambie waziwazi: "Nimekusikiliza, nimeelewa unachoogopa, na mimi nimeuguza ninachokiogopa. Alhamisi fulani nitampeleka binti yetu. Nakuomba uje nasi." Mtaje siku. Mwambie mbele, atakasirika mbele, na mtagombana mkiwa mnatazamana. Ni haki yako kama mama. Binti naye aelezwe, aulizwe, kwani mkono utakaochomwa ni wake na katika barua yako yote sijasikia sauti yake.

Siku hiyo mwombe muuguzi mwenzako ndiye amchome, wewe keti upande wa wazazi. Na ukibahatika baba yake akaja, akasimama mlangoni na mikono mfukoni, msogezee kiti.

Shangazi yako